UZI: Kimbunga kilipiga Guatemala, mimi mtu wa Muheza nikapewa daftari la mchango

shina_la_iliki

Wakuu habari za humu. Huu uzi niliuahidi kule kwenye ule wa michango ya harusi, pale mtu aliposema sisi wa nje kazi yetu kupiga picha na magari. Ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Mimi mzaliwa wa Amani, Muheza, kule juu msituni. Mzee wangu alikuwa na iliki chini ya miti, ada ya sekondari ilitoka humo. 2020 nilikuwa Marekani kiwanda cha kuku, shifti ya usiku, meza ya kukata mapaja. Nusu ya watu wa mstari wetu walikuwa wa Guatemala na mimi muda wote najua wanaongea Kispania, kumbe wakiwa wenyewe wanaongea Kiq'eqchi' (tamka kekchi), lugha ya Wamaya, ina sauti fulani ya kooni kama mtu anavunja kijiti. Kispania chenyewe wengine wanakibabaisha kama mimi nilivyokuwa nakibabaisha Kiingereza, ndo maana tukaelewana.

Siku moja mapumziko ya saa nane usiku nimefungua chupa yangu ya chai, jamaa aliyekaa mbele yangu akainua kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Akavuta hewa. "Cardamomo?" Nikamwambia ndio, kwetu tunaita iliki. Akacheka mpaka akashika meza. Aisee kumbe Guatemala ndo inauza nje iliki nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na nyingi inatoka mkoa wao, Alta Verapaz, lakini yeye kwenye maisha yake hajawahi kuinywa! Wanachuma, wanauza mbichi kwa madalali ambao wao wanawaita coyote, inaenda kukaushwa kwa kuni, inapakiwa kwenda Uarabuni. Nikammiminia kifuniko kimoja. Akanywa akanyamaza, akasema ni harufu ya mikono ya mama yake.

Kuanzia siku ile tukawa ndugu. Sasa Novemba ikaja.

Kahawa Chungu

Naweka kambi hapa. Nipo Muscat, nathibitisha, hiyo iliki ya Guatemala ndo tunayoitia kwenye kahawa huku, Waarabu wanaiita hel. Miaka yote nanunua sikuwahi kujiuliza nani kaichuma. Endelea mkuu.

shina_la_iliki

Naendelea. Mwaka 2020 dhoruba za Atlantiki zilikuwa nyingi mno, 30 zilipewa majina, majina ya mwaka yakaisha wakaanza kutumia herufi za Kigiriki. Ndo ukasikia kimbunga Eta. Kilitua Nicaragua tarehe 3 Novemba kikiwa daraja la 4 (kali kabisa ni la 5), upande wa Puerto Cabezas. Guatemala upepo haukufika wa maana, kilichofika ni mvua, ikakaa juu ya milima ya kina jamaa ikagoma kuondoka. Tarehe 5 mlima ukashuka kwenye kijiji kinaitwa Quejá, wilaya ya San Cristóbal Verapaz, hao ni Wamaya wa Poqomchi', majirani wa hawa wenzangu. Zaidi ya watu 50 wamefukiwa, wengi mpaka leo wako humo humo chini ya tope, wakasitisha kutafuta baada ya siku chache maana udongo ulikuwa bado unatembea. Alafu siku 13 baada ya Eta, Iota ikatua karibu pale pale, daraja la 4 nayo, mvua ya pili juu ya udongo uliolowa.

Kijiji cha jamaa yangu kiko upande wa Campur. Hii ngoja nieleze maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Kule milima ni ya chokaa, chini ina mapango na mashimo, mvua ya kawaida inamezwa inapotelea huko. Safari hii mashimo yakajaa. Kwa hiyo maji hayakuja kama mto unavyofurika, yalipanda kutoka chini taratibu usiku, bonde zima likawa ziwa. Vidio ya kwanza tuliyoiona pale kantini ilikuwa sekunde kama arobaini, mtumbwi unapita, mtu anagusa kwa kasia kitu chini ya maji, kumbe ni bati la nyumba. Jamaa akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, hilo duka la shemeji. Maji yalikaa pale miezi, sio wiki.

Na Novemba ndo msimu wa kuchuma iliki. Sisi wa Amani tunajua shina la iliki likisimama kwenye maji linaoza mzizi, kwisha habari.

mzoea_lami

Sawa mkuu inasikitisha lakini niulize swali la kizushi. Hapa nyumbani Desemba 2023 Katesh, Hanang, tope limeshuka mlimani limeua watu zaidi ya 80, na wewe unatuletea habari za Wahindi wekundu wa huko? Hukuona wa kwenu?

shina_la_iliki

Hanang nilitoa, na sikufungua uzi. Na hao jamaa hawajiiti hivyo, wanajiita kwa jina la lugha yao, kama wewe tu usivyopenda kuitwa "mtu wa bara" ukiwa Unguja.

Halafu kilichonifanya nikumbuke haya yote ni hiyo hiyo Hanang. Picha zilikuwa zile zile, mlima, tope, watu na majembe.

binti_rungwe

Samahani naingilia. Huko Puerto Cabezas kulikotua hivyo vimbunga vyote viwili ni kwa Wamiskito, wenyeji wa asili wa pwani ile, na wengi wao ni Wamoravian wenzetu! Misheni ilifika pwani ile 1849, kwetu Rungwe 1891. Novemba ile tuliwaombea ibadani kwa jina la kijiji, Haulover, kile ambacho Iota ilikipitia juu. Wanalima mihogo, mpunga, maharage na ndizi, na mashamba yao yaliingiliwa na maji ya chumvi. Na 2007 tena walikuwa wamepigwa na Felix, daraja la 5, sehemu ile ile. Wana desturi inaitwa pana pana, leo tunalima kwako kesho kwangu, bila hela. Nikasema hii mbona naijua.

Mpare wa Gonja

Hiyo ni msaragambo ya kwetu Upareni kabisa 😂

mzoea_lami

Sawa nimeelewa mkuu, tiririka. Hela ilikuwaje?

shina_la_iliki

Hapo ndo penyewe.

Jumapili baada ya Iota wakakutana kwenye gereji ya mmoja wao, mimi nimeenda kama rafiki, nimebeba soda. Kulikuwa na watu wa vijiji vinne. Wote wanataka kuchanga, hakuna ubishi hapo, ubishi ukaja nani ashike hela. Akitajwa mtu wa kijiji A wa kijiji B wanaangalia chini. Akitajwa mlokole Wakatoliki wanakohoa. Hii sinema nilishaiona sana kwenye vikao vya misiba yetu. Karibu saa mbili zimepita, mama mmoja mfupi, anafanya kazi idara ya kufungasha, akaninyooshea kidole akasema maneno kwa Kiq'eqchi' wote wakacheka. Nikamuuliza jamaa kasema nini. Kasema, "Apewe huyo Mwafrika, hana kijiji."

Yani nimetoka na soda nikarudi na daftari.

Kuchangisha mtandaoni nako kulitusumbua. Majukwaa mengi makubwa hayatoi hela kwenye akaunti ya Guatemala, kama yasivyotoa Tanzania, lazima mwenye akaunti awe mtu wa huku, na jamaa wengi hawana karatasi, hawataki majina yao yaonekane popote. Kwa hiyo jina likawa langu na akaunti yangu. Wazungu wawili watatu walituma meseji kuuliza kwa nini mtu mwenye jina la Kiswahili anachangisha kwa ajili ya Wamaya, mmoja akaripoti kwamba ni utapeli, ukurasa ukafungwa siku nne mpaka nikatuma vitambulisho. Nyingi hata hivyo haikutoka mtandaoni. Ilitoka kwenye kuuza tamale (unga wa mahindi unaopikwa ndani ya majani) nje ya kanisa na kwenye bahasha siku ya mshahara, dola 20, dola 20, kuna kijana mmoja alikuwa anatoa 5 kila wiki na kila wiki anataka niandike mbele yake.

Mzunguko wa kwanza tukapata dola elfu sita na mia tatu na kitu. Tukatuma kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa Cobán, mji mkuu wa mkoa wao, akapanda lori, akashuka barabara ilipokatika, akatembea. Mkutano wa kijiji ndo uliogawa, kule wana kamati inaitwa cocode, kama serikali yetu ya kijiji. Wakagawa sawa kwa sawa kila kaya, aliyepoteza nyumba na aliyepoteza kuku. Mimi nikapiga simu kulalamika kwamba sio haki. Mwalimu akanijibu, wewe una haki yako huko, mimi nalala hapa hapa.

Zilikwisha kwenye mahindi ya kula, nailoni, dawa na mazishi. Wiki sita.

Kahawa Chungu

Huyo mwalimu apewe maua yake. "Mimi nalala hapa hapa" 😅

jembe_na_nyundo

Nilikuwa Goma, Kongo, 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka mwezi wa tano. Ndugu wa nje walituma sana wiki ya kwanza, simu inalia kila saa. Miezi mitatu baadaye ukimpigia mtu anakuuliza "bado tu?"

shina_la_iliki

@jembe_na_nyundo umenimalizia uzi kaka. "Bado tu" ndo kitu kilichotukuta.

Februari 2021 pale kiwandani watu wamechoka, corona imepita na baadhi yetu, hakuna anayetaja mchango. Ukurasa ule hata senti haiingii. Nami nikasema basi, nimefunga daftari, salio dola tisa. Yule mama mfupi akanifuata kwenye foleni ya kupima joto mlangoni. Akanihesabia kwa vidole, Machi, Aprili, Mei. Mei mvua zinaanza, mahindi yanatiwa ardhini. Mbegu hakuna, waliila Januari. Wasipopanda Mei, akaniambia, vijana wote wa kijiji nitakutana nao hapa kwenye foleni hii.

Hapo ndo nikaelewa kwamba tulichanga kwa kalenda ya kimbunga, na mkulima anaishi kwa kalenda ya shamba. Hela ya Novemba ilikuwa ya kuwazika watu na kuwalisha, ni sawa, lakini hela ya Aprili ndo ilikuwa inaamua kama kijiji kinabaki au kinahama.

Mzunguko wa pili ulikuwa mgumu kama kukamua jiwe. Dola elfu moja mia tisa na tano, mpaka nimeenda kuomba kwa Wasomali wa idara ya usafi, wakatoa, Mungu awabariki.

Kuna shirika lilikuwa limeshusha mbegu ya chotara kwa magunia. Wazee wakaishukuru wakaiweka pembeni. Sababu yao ni kwamba gunzi lake halifungi vizuri kwa juu, na wao mahindi wanayatunza na maganda yake yamening'inizwa juu ya moshi, ganda likiwa wazi fukusi anaingia Oktoba hiyo hiyo. Wakaenda kununua mbegu yao ile ile kijiji cha juu ambako maji hayakufika, kwa gunzi, wanachagua moja moja.

bwana_shamba_mstaafu

Wazee wako sahihi. Hilo la kufunga gunzi tumelisema sana hata huku kwetu, watu wanaangalia magunia kwa eka tu.

Niongeze moja. Baada ya kimbunga Mitch cha 1998 wakulima wenyewe wa Honduras, Nicaragua na Guatemala walipima mashamba zaidi ya 1,800, wakilinganisha yale yenye makinga maji, miti na mimea ya kufunika udongo na ya jirani yaliyolimwa kawaida. Yale ya kwanza yalibaki na udongo wa juu mwingi zaidi, asilimia 20 hadi 40. Mmea mmoja wanaoupenda sana kule wa kufunika ardhi mnaujua wote hapa, ni upupu. Sio huu unaowasha, ni nduguye asiyewasha.

Mpare wa Gonja

Bwana shamba usituletee upupu kwenye uzi wa watu 😂😂

pita_njia

Swali, kwa nini wanalima kwenye miteremko mikali hivyo kama mlima unashuka? Si wahamie tambarare?

shina_la_iliki

@pita_njia nilimuuliza jamaa swali hilo hilo, aliniangalia sana. Tambarare zilikuwa zao. Miaka ya 1870 serikali ya kule ikaanza kugawa ardhi kwa wenye mashamba ya kahawa, Wajerumani wengi wakajaa Cobán, na wenye ardhi wakawa vibarua kwenye ardhi yao. Kisha vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1960 mpaka 1996, waliouawa wengi ni Wamaya. Waliopanda mlimani hawakupanda kwa kupenda mandhari. Sisi wa Usambara tuna maneno na mkonge na chai, kwa hiyo sikuuliza tena.

Sasa kuna sehemu sijawahi kuieleza popote. Mwezi wa tano mwanzoni mwalimu katuma risiti kwa watsapu, kama kawaida nanakili kwenye daftari. Mbegu. Nauli ya lori. Majembe manne. Halafu mstari wa chini kwa mwandiko wa mtu mwingine: pom, mishumaa, kakao, bata mzinga mmoja. Quetzal 240, kama dola 31 hivi.

Pom ni ubani wao. Kabla ya kupanda wanakesha, wanafukiza, wanaomba ruhusa kwa Tzuultaq'a, mwenye mlima na bonde, ndo asubuhi wanaume wanaingia shambani na vijiti vyao vya kupandia, mstari mmoja, na wanawake wanapika supu ya bata mzinga ya pilipili. Mwaka ule ambao mlima wenyewe ulikuwa umeshuka juu ya watu, unadhani wangepanda bila kuomba?

Nikasoma risiti mbele ya watu kwenye gereji kama nilivyokuwa nafanya kila mwezi. Nilipofika kwenye ubani kukawa kimya. Mlokole mmoja, kijana mzuri tu, ndo huyo wa dola 5 kila wiki, akasimama akasema yeye hakuchangia sanamu. Wengine wakaunga mkono, mwingine akasema basi arudishiwe chake, kelele zikaanza, mtu na shemeji yake wanatoleana macho kwa dola 31! Mimi mwenye daftari nimeshika kalamu, kwetu babu alikuwa anakwenda kwenye mti na mimi nimebatizwa, sasa hapo nisemeje?

Yule mama mfupi, na yeye mlokole vile vile, akafungua mkoba akaweka dola 20 mezani. Akasema mama yake hakuwahi kupanda bila mshumaa, na yeye alikula mahindi yale akakua, kwa hiyo anadaiwa. Nikatoa 11 zilizobaki. Mstari ule kwenye daftari umeandikwa majina mawili tu, lake na langu.

Kijana wa dola 5 hakurudi kwenye vikao. Wiki iliyofuata lakini bahasha yake niliikuta kwenye kabati langu la kazini, imeandikwa kwa peni nyekundu MBEGU TU.

binti_rungwe

Kaka. Acha tu.

mzoea_lami

Mimi ni mlokole na nampa haki huyo kijana, hela ya mtu ina masharti yake. Ila "anadaiwa" imenikaa.

Kahawa Chungu

Na iliki je? Walirudisha mashamba?

shina_la_iliki

Mahindi ya 2021 yalitoka, sio mengi. Iliki ni hadithi ndefu, mashina walipewa na ndugu wa vijiji vya juu, wanapasua tunguu wanapanda, na unajua iliki haikupi kitu mpaka mwaka wa tatu. Katikati ya hapo wengine walishindwa kusubiri. Wanne nimekutana nao kwenye foleni ile ile kama mama alivyosema, mmoja ni mtoto wa yule mwenye duka. Wa Quejá wenyewe, walionusurika wamejijengea makazi mapya, Nuevo Quejá, mengine ya mbao na bati, pembeni kidogo tu ya pale pale, maana shamba halihamishiki.

Mimi nimeshaacha kazi ya kuku, naendesha lori sasa. Mwisho wa 2024 jamaa alinipigia nipite kwake. Kaniwekea mfuko wa nailoni, iliki mbichi nusu kilo, imesafiri ndani ya begi la mtu katikati ya nguo, kijani, bado ina unyevu. Ya mchumo wa kwanza. Anaomba nimfundishe kupika ile chai. Tukakausha juu ya oveni tukaharibu nusu nzima, ikaungua, nyumba ikanuka mpaka mwenye nyumba akagonga. Iliyobaki tukaipika. Watoto wake walisema inafanana na sabuni.

pita_njia

😂😂 Na daftari liko wapi?

shina_la_iliki

Ninalo kwenye lori. Kuna dola 14 za salio, nimewauliza mara tatu nizipeleke wapi, mara tatu wameniambia kaa nazo, msimu wa vimbunga ni kila mwaka.

Mpare wa Gonja

Mkuu samahani nje ya mada kidogo, miche ya iliki huko Amani sasa hivi inapatikana? Nina ka-eka kangu Gonja juu kwenye kivuli.

shina_la_iliki

Njoo inbox, mdogo wangu yupo kijijini. Ila jiandae na miaka mitatu.